Barua kwa mwanangu: kauri za mavyaa yako na safari ya mtoni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mume wako. Umeniuliza kama mchukue baadhi ya kauri za kabati la marehemu mavyaa yako mtakapopanda meli ya mtoni kutoka Amsterdam hadi Budapest, mkaziuze kule kule zilikotengenezwa. Unasema abiria waliotangulia wamewaambia kwamba sanamu kama zenu waliziona dukani kwa bei ya kutisha. Jibu langu ni hapana. Msibebe hata kipande kimoja, bebeni picha.

Bei waliyoiona ni ya kitu kipya. Ndani yake mna ujira wa mchoraji, kodi, pango la duka na jina la kiwanda, na kitu kikishatoka mlangoni bei hiyo hakiendi nayo. Kilichorithiwa huuzwa kwa bei ya mnada, na mnada unahitaji angalau watu wawili wanaokitaka siku hiyo hiyo. Watu hao wamepungua sana. Kizazi kilichokusanya kauri kinahamia nyumba ndogo au kinaaga dunia, makabati yanafunguliwa kwa wakati mmoja, na warithi hawataki sahani yenye ukingo wa dhahabu isiyoweza kuingia kwenye maikrowevu wala mashine ya kuoshea vyombo. Halafu intaneti ikaanika hadharani kwamba vingi vilivyodhaniwa adimu vipo kwa maelfu.

Tena angalia walioko melini. Wengi ni wastaafu, na nyumbani kwao wana kabati kama hilo lenu ambalo watoto wao hawalitaki. Hao hawatanunua, wao wenyewe wanatafuta pa kuuza. Wachache wanaotafuta kitu huwa wanatafuta kikombe cha kumi na mbili cha seti yao au kifuniko cha birika kilichovunjika. Kwa mtu wa namna hiyo kipande kimoja kinachooana na vyake kina thamani kuliko seti nzima isiyooana.

Sasa nipitie orodha uliyonitumia.

Sanamu za watoto wenye mashavu mekundu ni za Hummel. Zilitokana na michoro ya mtawa wa Ujerumani, Maria Innocentia Hummel, na kiwanda cha Goebel kilianza kuziuza mwaka 1935. Askari wa Marekani walizipeleka kwao baada ya vita, na kwa miaka mingi zilikuwa zawadi ya kila safari ya Ujerumani. Hata si porseleni, ni udongo laini uliochomwa, ndiyo maana ukiziinua mbele ya taa mwanga haupenyi. Zigeuze. Alama ya taji chini yake maana yake ni ya kuanzia 1935 hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Nyuki ndani ya herufi V ni ya kuanzia 1950. Ikiwa imeandikwa "West Germany", ni ya kati ya 1949 na 1990, na hizo ndizo zilizojaa sokoni. Za taji, hasa kubwa zisizo na dosari, bado zina wanunuzi. Nyingine huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei ya zamani, kwa hiyo usiwalaumu madalali wakikutajia kiasi kinachokusikitisha.

Sahani za Krismasi kutoka Denmark ziko hivyo hivyo. Bing & Grøndahl walianza 1895 na Royal Copenhagen 1908, na kila mwaka una picha yake. Za miaka ya mwanzo hutafutwa. Zenu ni za miaka ya 1970, wakati watu walizinunua kama akiba ya uzeeni, kwa hiyo kila mtu alizitunza na hakuna iliyopotea. Zitundikeni ukutani mkizipenda.

Seti ya kahawa ya maua ya bluu ndiyo inayonipa hamu. Nakshi hiyo huitwa ya kitunguu, na ilianza Meissen, kiwanda cha porseleni cha Ujerumani, karibu na 1740, lakini viwanda vingi viliiiga. Chini yake tafuta panga mbili za bluu zilizopishana, zilizochorwa kwa mkono chini ya utando wa kioo: ukipitisha ukucha hausikii kitu. Kisha angalia mchoro wenyewe. Kwenye vipande vya Meissen vya tangu mwishoni mwa karne ya 19, chini ya shina la mwanzi mna panga ndogo. Mikwaruzo iliyochongwa juu ya zile panga za chini huonyesha kwamba kiwanda kilikishusha kipande hicho daraja kwa sababu ya kasoro, au kwamba kilitoka bila rangi kikapakwa kwingine, na hapo bei hushuka. Neno "Germany" likiwepo, kwa kawaida kipande hicho si cha kabla ya 1891, mwaka ambao Marekani ilianza kudai bidhaa zinazoingia kwake zitajwe nchi zilikotoka.

Chombo cha maua chenye alama ya mzinga wa nyuki usikishangilie. Alama ya porseleni ya Vienna ni ngao. Ikitazamwa juu chini ndipo inafanana na mzinga. Kiwanda cha kwanza cha Vienna kilianza 1718 na kufungwa 1864, na waigaji walikuwa wengi mno. Chukua kioo cha kukuzia uangalie nyuso za wale wanawake walio kwenye chombo: ukiona vidoti vidogo vilivyojipanga, picha imechapwa, haikuchorwa.

Ile sahani ya bluu na nyeupe mnayoiita ya Delft, mji wa Uholanzi, iangalieni kwa makini kuliko vyote. Kauri ya Delft ni udongo uliofunikwa utando mweupe wa bati. Ukingoni humeguka na kuonyesha udongo wa rangi ya kahawia au njano. Mkiona umbo jembamba, jeupe hadi ndani, linalopitisha mwanga, huenda ni ya China, na kauri nzuri za kale za China ni kati ya vichache vilivyopanda thamani, kwa kuwa Wachina wenyewe wanazinunua. Hiyo msiioshe, msiibandike gundi, msiiuze kwa mtu wa kwanza.

Kabla ya safari, kila kipande kipigeni picha nne: mbele, nyuma, alama ya chini, na kila dosari. Pimeni urefu kwa sentimita. Gongeni ukingo taratibu kwa ukucha. Kwa porseleni sauti ya kengele ni nzuri, sauti butu huenda ni ufa. Shingo, vidole na petali ndivyo huvunjika na kurekebishwa, na chini ya taa ya urujuanimno gundi na rangi mpya hung'aa tofauti. Ukitafuta bei, soma bei ambazo vitu vimekwisha kuuzwa, usisome zinazoombwa. Kumbuka pia kwamba nyumba ya mnada hukata ada kwako na kwa mnunuzi pia, na mnunuzi huipunguza kwenye kile alichotaka kutoa.

Njiani hamtapita Meissen. Mji huo uko kwenye mto Elbe, nanyi mnapita Rhine, Main na Danube kupitia mfereji uliofunguliwa 1992. Vienna mtaona jumba la Augarten, ambako kazi ya porseleni ya Vienna ilifufuliwa 1923, na Dorotheum, nyumba ya mnada ya tangu 1707. Watumieni Dorotheum picha wiki kadhaa kabla. Budapest kuna maduka ya Herend, kiwanda cha porseleni cha tangu 1826.

Kuhusu forodha, msamaha wa kodi wa euro 430 kwa anayeingia Umoja wa Ulaya kwa ndege ni wa vitu visivyo vya biashara, kwa hiyo kauri za kuuza zingehitaji kutangazwa. Mkinunua kitu Austria kwa zaidi ya euro 75, ombeni karatasi ya kurudishiwa kodi na mgongeshe muhuri uwanja wa ndege wa Budapest, kitu kikiwa mkononi na hakijatumika.

Chochote mtakachotuma baadaye, kifungeni kwa karatasi laini isiyo na asidi, mapovu ya plastiki yasiguse dhahabu, kisha boksi ndani ya boksi na sentimita 5 za kujaza kila upande. Gazeti hapana, wino wake huhamia.

Nitumie kwanza picha za chini ya vile vikombe vya kahawa na ukingo wa ile sahani, zilizopigwa karibu na dirisha bila mweko wa kamera.

Mama yako