Kijibwa cha jirani kimemuuma mtoto: acha habari ya kubweka, soma hapa

Dada, weka kando kwanza swali lako la kijibwa cha jirani kubweka usiku na kukojolea mkeka. Hapo katikati ya ujumbe wako umeandika, kwa mstari mmoja tu, kwamba Jumamosi kilimshika kijana wako kisigino kwa meno, "damu kidogo", na jirani amekwambia kimechanjwa. Mstari huo umenitoa jasho, maana kuna kichaa cha mbwa. Leo ni Jumatatu. Mtoto ameshaonwa na nani?

Mwaka juzi tulikuwa tumepanga nyumba Kyaliwajjala, karibu na Kampala. Binti yangu wa darasa la kwanza (P1) aliumwa na kijibwa cheupe cha manyoya cha mama wa nyumba ya pili, kidogo cha kuenea kwenye kapu la sokoni. Kila mtu pale uani alikuwa akicheka kikifukuza bodaboda, nami nilicheka. Nilipouangalia mguu niliona vitobo viwili juu ya kifundo, kimoja kina tone la damu. Nikapangusa kwa kitambaa kibichi. Jerikani ilikuwa imejaa mlangoni, kipande cha sabuni kiko kwenye beseni, nami nikapangusa tu!

Jirani akaja mbio: "Pole mama, huyu ni mbwa wa kizungu, hana magonjwa, na sindano zote alipata." Sikuomba kadi. Mama wa huyo jirani, aliyekuwa mgeni pale, akataka tukate manyoya ya mbwa, tuyachome, tumpake mtoto majivu. Hilo nilikataa, nikampeleka duka la dawa pale barabarani. Kijana wa dukani akamdunga sindano ya pepopunda, akatupa vidonge, akasema, "Imeisha hiyo." Hadi leo nikimkumbuka napandwa na hasira. Pepopunda ni ugonjwa mwingine kabisa, si kichaa cha mbwa! Mtu amevaa koti jeupe, mzazi ana hofu, mtoto analia, na wewe unasema imeisha? Kama hujui, si useme nenda hospitali?

Siku ya nne kijibwa hakionekani. Nauliza, naambiwa kimepelekwa kijijini, upande wa Masaka, kwa sababu "kilikuwa kinasumbua watu". Kadi ya chanjo? Haipo. Aliyemuuzia jirani ndiye aliyesema kilishachanjwa, na jirani akameza maneno hayo akanilisha na mimi. Usiku ule nilikaa kitandani nimeshika mguu wa mtoto.

Asubuhi tukaanza kuzunguka. Kituo cha kwanza chanjo imeisha, cha pili vilevile, cha tatu tukalipia, na kodi ya mwezi ule ikaishia hapo. Muuguzi wa pale ndiye mtu wa kwanza kunieleza vizuri. Mbwa aliyeuma hufungwa na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, basi siku ile alipouma mate yake hayakuwa na virusi, na daktari anaweza kusimamisha chanjo. Wetu hatukuwa naye tena, kwa hiyo binti akapigwa zote: siku ile, ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, pamoja na dawa ya kingamwili, yaani kinga iliyo tayari, iliyodungwa kuzunguka vile vitobo. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Na kama unaogopa zile sindano za tumboni wanazosimulia wazee, siku hizi hudungwa mkononi, kwa watoto wadogo pajani.

Kichaa cha mbwa hakiangalii kama mbwa ni mkubwa au mdogo, wa kizungu au wa kijijini. Virusi hupanda polepole kwenye neva kuelekea ubongoni, mara nyingi miezi 2 au 3. Dalili zikishaanza, hospitali haina cha kukuokoa nacho. Kabla ya hapo chanjo inaokoa, ndiyo maana hata wewe uliyechelewa siku mbili bado una nafasi.

Jino likivunja ngozi, usimsikilize mwenye mbwa. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, ukiangalia saa. Kama huna bomba, mtu mmoja amimine kwa jagi, mwingine aoshe. Kisha hospitali siku hiyo hiyo. Wewe osha hata sasa, halafu ondokeni. Usipake pilipili, wala mafuta ya taa, wala majivu.

Ukiwa njiani mpigie mwenyekiti wa kijiji (LC1), mwambie kijibwa kifungwe na kisihamishwe popote, na daktari wa mifugo wa wilaya ajulishwe. Kwa jirani usiende kugombana. Mwambie tu, "Jirani, naomba kadi, na naomba mbwa abaki hapa siku 10." Akikasirika, akasirike.

Kadi ikipatikana, iangalie tarehe, kisha umpe daktari aamue yeye. Usiingoje. Ukifika, andika hapa wamekwambia mrudi siku gani, niwe nakukumbusha.