Maji ya uti wa mgongo na Parkinson: mzee wangu alichomwa, haya ndiyo niliyoyaona

Mleta uzi, pole na mzee. Umeuliza kama kupima maji ya uti wa mgongo kutamaliza ubishi kwamba ana Parkinson (ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na mwendo kuwa mzito) au hana, na kama sindano inauma. Mimi nilikuwa nimemshika baba mkono siku anachomwa.

Nianze na sindano, maana najua ndiyo inayowanyima usingizi. Alilazwa ubavu, magoti yamevutwa kifuani, kidevu kimeinama. Ganzi ndiyo iliyomfanya ang'ate meno. Baada ya hapo alisema ni kama mtu anamsukuma kwa kidole. Wanachoma chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshakoma. Maji yakawa yanadondoka tone kwa tone kwenye kichupa. Ya mwanzo yalikuwa na wekundu kidogo, daktari akayatenga, kwa sababu chembe nyekundu za damu zimejaa protini ileile wanayoitafuta kwenye maji hayo ili kujua kama ni Parkinson. Yaliyofuata yalikuwa maangavu kabisa. Kesho yake kichwa kikamgonga kila akikaa, akilala kinatulia. Siku 2 kikaisha. Wewe ulizia mapema sindano ya ncha butu, inapunguza hilo.

Protini yenyewe inaitwa alfa-sinukleini. Kwa mgonjwa inajikunja vibaya na kugandana ndani ya seli za ubongo. Zamani walipima wingi wake tu, na haikusaidia sana kwa sababu namba za wagonjwa na za wazima zilikuwa zinaingiliana. Siku hizi wanachanganya maji ya mgonjwa na protini hiyohiyo iliyo salama, halafu wanasubiri. Kama mbegu mbovu imo, inazigeuza nyingine, kama kijiko cha mtindi kwenye maziwa.

Utafiti wa PPMI, mradi mkubwa wa kufuatilia wagonjwa wa Parkinson, uliotoka 2023, wenye watu 1,123, ulikuta kipimo hiki kinawanasa wenye Parkinson asilimia 87.7. Kwa wale ambao ugonjwa haukutokana na jeni na pua zao zimeshapoteza harufu, ilifika 98.6. Niliposoma hapo nilikaa kimya kidogo. Miaka kabla mkono haujaanza kutetemeka, baba aliwahi kukaa karibu na sufuria inayoungua, nyumba imejaa moshi, yeye anasoma gazeti. Tukamcheka.

Ila wenye badiliko la jeni la LRRK2 kinawakosa wengi, kwa hiyo jibu la "hakuna" halimtoi mtu moja kwa moja. Na jibu la "ipo" halitenganishi Parkinson na ule usahaulifu wa miili ya Lewy (mabonge ya protini hii ndani ya seli za ubongo), maana protini ni hiyohiyo.

Sisi kilitufaa kwa sababu baba alikuwa anaanguka mapema mno, wakahofia ugonjwa mwingine unaofanana na Parkinson, wa protini tofauti iitwayo tau, ambao levodopa, dawa kuu ya Parkinson, haiusaidii sana. Majibu yakaja ipo. Dozi ya dawa zake haikubadilika hata kidonge kimoja! Kama mzee wako ana dalili zote, mwendo mzito, mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, na levodopa imemsaidia, mimi nisingemchoma.

Muulize daktari: jibu likija hivi au vile, utabadilisha nini kwenye matibabu? Na kama mzee anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie kabla tarehe haijapangwa.