Nukuu haijisemei: kwa wadogo zangu mnaoanza tasnifu

Msimu wa rasimu umefika tena hapa Dodoma, na katika sura ya nne, ile ya matokeo, wanafunzi wanarudia lilelile la waliowatangulia: nukuu inawekwa, alama zinafungwa, aya inakwisha. Mhojiwa ameachiwa kazi yote, ilhali anayetahiniwa ni mwanafunzi. Ninyi wadogo zangu ninawaandikia mapema, kabla hamjaenda uwandani, kwa sababu inaniuma kuona data nzuri ikipotea mikononi mwa watu wenye uwezo wa kuichambua.

La kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni kuisoma nukuu yenyewe. Chukueni mfano wa kubuni: mkulima wa mtama wilayani Chamwino anawaambia, "Mvua ya kwanza siku hizi inatudanganya, ukiipandia, utapanda mara mbili." Katika rasimu nyingi maneno kama hayo hufuatwa na sentensi moja tu, kwamba hii inaonesha mabadiliko ya tabianchi yameathiri kilimo. Mkulima hakutaja tabianchi. Alitaja mvua ya kwanza, si msimu mzima. Alisema inadanganya, kwa hiyo kuna wakati aliiamini na kupanga kazi yake kwa kuitegemea. Akasema kupanda mara mbili, na hapo kuna swali la mbegu ya pili inatoka wapi, nani anailipia, na nani anarudi shambani na jembe. Hiyo ni aya nzima ya uchambuzi, na yote imo ndani ya maneno yake. Niliwahi kumwomba mwanafunzi mmoja aifunike nukuu yake kwa karatasi, kisha anieleze kwa mdomo kwa nini aliichagua. Alizungumza kwa ufasaha mkubwa juu ya kina mama waliokopa mbegu kwa jirani, juu ya deni lililolipwa kwa kufanya vibarua, na juu ya mzee aliyekataa kabisa kupanda kabla ya mvua ya pili. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kwenye rasimu. Nilimsihi ayaandike kama alivyoyasema, na sura ile ikabadilika kabisa.

La pili ni lugha. Wazee wengi wa vijiji vyetu hueleza mambo mazito kwa Kigogo, mkalimani huyaleta kwa Kiswahili, nanyi mnayaandika kwa Kiingereza ndani ya alama za nukuu kana kwamba mzee alitamka hivyo hivyo. Semeni tafsiri ni ya nani, na maneno ya awali yawekeni kwenye kiambatisho. Ndivyo ilivyo pia kwa nyaraka za Kiingereza za mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951: mkizitafsiri, tajeni kwamba mmezitafsiri.

La tatu, mjueni mwenye maneno. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, ni andiko la chama cha TANU, hata kama fikra za Mwalimu Nyerere zimo kote. Wengi wenu mnalinukuu kutoka kwenye desa, yaani maandishi ya darasani mnayopeana, bila ukurasa, mkiandika jina lake kama mwandishi pekee. Lifungueni Azimio lenyewe.

Kwa mtindo wa APA wa kutaja vyanzo, nukuu ya maneno 40 au zaidi hujitenga kama aya iliyosogezwa ndani, bila alama za kufungua na kufunga.

Mwisho ni Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ambayo sisi tunaoishi na Bunge mjini hatuna kisingizio cha kuikosea. Andikeni tarehe ya kikao, jina la msemaji, na kama alisema akiwa waziri anayejibu kwa niaba ya Serikali au mbunge anayechangia hoja, maana kauli ya mchangiaji mmoja si msimamo wa Serikali wala wa Bunge. Someni pia kilichofuata. Msemaji huenda alipewa taarifa, yaani mbunge mwingine alisimama kumsahihisha, akaipokea, au alitakiwa kufuta kauli yake akaifuta, nanyi mkiishia kwenye sentensi iliyowapendeza mtakuwa mmenukuu maneno ambayo mwenyewe ameshayaondoa.