Barua kwa Mwanangu: Mtu Aambiwe Kabla ya Kuguswa

Langoni, Lamu

Mwanangu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Huku nyumbani tu wazima, alhamdulillahi. Goti la mamako limetulia tangu kusi ilipopungua, na kakako yuko Mokowe na shughuli zake.

Ujumbe wako niliusoma magharibi, nikaurudia baada ya isha. Wasema daktari wa macho ameona mshipa wa fahamu umevimba nyuma ya jicho, ukapigwa picha ya kichwa na haikuonekana kitu kibaya, na sasa huko Mombasa wataka kukudunga sindano ya mgongo, wapime msukumo wa maji ya mgongo na watoe kiasi. Umepewa kidonge cha kutuliza moyo, ukitaka ukimeze kabla. Nawe waniuliza: "Baba, nikimeze au nijikaze?"

Nitafika kwenye kidonge. Lakini nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu kuna jambo linalonikaa zaidi: ni nani atakayekuwa akisema nawe wakati sindano inaingia? Hilo kwangu lina uzito kuliko dawa yoyote ya kutuliza. Neno langu mmelisikia tangu mko wadogo, na leo nalirudia: mtu aambiwe kabla ya kuguswa.

Habari ya kakako waijua kama mamako anavyoisimulia. Homa, safari, dua, kupona. Yeye huishia kwenye kupona, na ana haki yake. Sehemu yangu iko katikati, pale anapopita haraka.

Wewe ulikuwa hujazaliwa, naye hajaanza shule. Chanjo hizi za sasa hazikuwepo: ile ya mdudu aitwaye Hib iliingia Kenya 2001, ya mdudu mwingine, nimokoki, 2011, na zimewaepusha watoto wengi na homa ya uti wa mgongo. Homa ilimpanda usiku. Kulipopambazuka akawa hawezi kuinamisha shingo, anatapika, mwanga wa dirishani wamuumiza. Tukavuka kwa mashua hadi Mokowe, tukangojea basi liingie kwenye msafara wa askari, maana njia ile wakati huo haikupitwa bila bunduki. Nilimpakata njia nzima. Hospitali tuliyofikia siitaji. Daktari alisema dawa ya kwanza ataanzishwa pale pale, lakini lazima maji ya mgongo yachukuliwe, ijulikane ni mdudu gani, asije akatibiwa kwa kubahatisha.

Bibi yako akasimama mlangoni. "Usiwawate wamdunge mwana!"

Alikuwa na sababu. Mtoto wa jirani yetu alidungwa akafariki kesho yake. Mwingine wa upande wa Mkomani alirudi hatembei. Mji ulishakata shauri kuwa sindano ile yaua, na isipoua yalemaza. Hata leo utayasikia hayo barazani, na nadhani ndiyo yanayokukosesha usingizi, ingawa hukuyaandika. Simlaumu bibi yako. Watu walikuwa wakipeleka wagonjwa wamekwisha zidiwa, wameshapita kwa mganga na kwa muuza dawa, wanadungwa mauti yako karibu. Wakifa, kitu cha mwisho kilichoonekana ni sindano. Yule mtoto wa Mkomani alilemazwa na ugonjwa. Daktari alitueleza hivyo polepole, akimtazama bibi yako usoni, wala hakumkemea. Bibi akakaa chini. Alikaa kwa sababu alielezwa, na ndipo mimi nikatia sahihi.

Sasa sikiliza kinachoniuma. Sisi wakubwa tulielezwa. Mwenye mgongo hakuelezwa. Mhudumu mmoja alimnyanyua kakako akamwambia, "Twende tukapime uzito, kisha urudi kwa baba." Neno la mizani nililisikia pamoja naye, kalamu ikiwa bado mkononi mwangu. Mtoto akatulia begani mwake. Wakamlaza ubavu, nikaitwa nimshike: mkono mmoja nyuma ya shingo, mmoja nyuma ya magoti, nimkunje. Yeye alikuwa akizungusha macho akitafuta mizani. Sindano ilipoingia hakulia kwanza. Alinitazama. Kisha ndipo akalia.

Maji yalitoka yana ukungu, na daktari akajua. Alipewa dawa ya kumfaa, akapona, anatembea na anasikia kwa masikio yote mawili, na wapo waliotoka kwenye ugonjwa ule wakiwa viziwi. Namshukuru Mungu na nawashukuru wale waliomtibu. Lakini kwa muda mrefu kakako akiona mizani, hata ya wauza samaki, alikuwa akijificha ndani ya buibui la mamako. Na usiku wa kuamkia harusi yake, tumekaa sisi wawili darini, aliniuliza: "Baba, ulijua kuwa si mizani?" Nilimwambia ukweli, kwamba sindano niliijua, uongo sikuuagiza. Akanibusu mkono na hakusema zaidi. Mimi bado namwona akitafuta mizani.

Mamako hulikataa neno langu. Husema, mtoto wa umri ule, ana homa ile, ungemwambia nini? Angepigana, na sindano ingekwenda kombo. Pengine. Nimelipindua jambo hili miaka yote na sijalimaliza. Ila mwaka uliofuata kakako alikanyaga gamba la chaza pale Shela, mguu ukafunguka, na aliyemshona hapa Lamu alimwambia kila kitu: hii itawaka, ni dawa ya ganzi, hesabu nami hadi kumi, sasa utahisi navuta, lakini hakutauma. Kakako akahesabu. Hakushikwa na mtu. Mamako anasema kwamba alikuwa amekua, na hakuwa na homa, na mguu si mgongo. Yote hayo kweli. Hata hivyo nilikiona kile nilichokiona.

Basi nitakwambia mimi, wasije wakasahau kukwambia wao. Nimekaa na binamu yako nesi tangu alasiri nikimuuliza, na hapa naandika yale tu aliyoyathibitisha.

Uti wenyewe, ule wa neva ulio ndani ya mifupa ya mgongo, hauguswi. Kwa mtu mzima unakomea karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini yake, kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Utahisi vidole vikikupapasa mifupa ya nyonga kutafuta mahali hapo. Pale chini zipo nyuzi za neva zinazoelea majini, na sindano ikipita husogea, kama mwani unavyosogea ukipitisha mkono. Mara moja moja uzi mmoja huguswa, mguu ukashtuka ghafla hadi chini. Ukitokewa na hilo, hujalemaa. Usiruke, sema tu ni mguu gani, naye daktari ataisogeza sindano.

Kinachowaka ni dawa ya ganzi, sekunde chache. Baada yake watu wengi huhisi kusukumwa zaidi kuliko kuchomwa. Maji yenyewe, mtu mzima anayo kiasi cha mililita 150 kwa wakati mmoja, na mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku. Watakachotoa kitarudi ndani ya saa chache.

Na kwako wewe utulivu una kazi yake. Watakulaza ubavu, magoti tumboni, na sindano ikishafika wataunga mrija mwembamba wenye alama, maji yapande wasome urefu wake. Kwa mtu mzima, hadi sentimita 25 huhesabiwa kuwa kawaida. Ukizuia pumzi, ukikaza tumbo au ukilia kwa kwikwi, maji yatapanda kuliko yalivyo. Wakati wa kusoma waombe uilegeze miguu kidogo, uvute pumzi bila haraka. Soma sura ya Alam nashrah moyoni. Ni fupi, na waijua tangu chuo cha Kurani.

Jambo hili si geni duniani. Heinrich Quincke, daktari wa Kijerumani aliyekuwa Kiel, ndiye aliyelitangaza 1891, na haja yake ya kwanza ilikuwa karibu na yako: kupunguza msukumo wa maji kwa wagonjwa. Miaka michache baadaye, 1898, August Bier naye huko huko Kiel alikubali kudungwa mgongoni yeye mwenyewe, akaumwa na kichwa kila aliposimama, na akayaandika. Hilo la kichwa ndilo litakaloweza kukusumbua. Maji huvuja kidogo kwenye tundu, kichwa kikauma ukikaa na kupoa ukilala. Zamani wagonjwa walilazimishwa kulala chali saa nyingi. Siku hizi imeonekana kulala hakukizuii. Kinachokipunguza ni sindano yenyewe, ile nyembamba ambayo ncha yake hupenya bila kukata. Waulize kama wanayo. Hilo ni swali halali, usione haya. Kichwa kikija, dawa ya maumivu, maji ya kunywa, na kahawa yetu inaweza kusaidia. Kikikataa kabisa, huchotwa damu mkononi mwako ikawekwa pale pale mgongoni, ikaziba. Lakini ukiona homa, shingo kukakamaa, au miguu kufa ganzi, usitungojee sisi wala usingoje kuche. Rudi hospitali saa hiyo hiyo. Na kama unatumia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, au hata aspirini, wajue mapema.

Nikiandika haya namkumbuka ami yako, na neno langu linayumba. Yeye ni kinyume. Alipotolewa mtoto wa jicho, daktari alianza kumfafanulia, na kila alivyofafanuliwa ndivyo mikono ilivyozidi kumtetemeka, hata akasema, "Nifunikeni, fanyeni, mkimaliza mniamshe." Na ami yako si mwoga, wajua mwenyewe aliyavuka maji gani na jahazi lile. Basi wako watu ambao habari kwao ni mzigo juu ya mzigo, na kwao kidonge ni rehema. Sitaki udhani kuwa babako anamhesabu mtu dhaifu kwa kumeza dawa. Ami yako alikuwa na haki ya kufunikwa. Lakini tazama: hata yeye alisema anachotaka, na aliulizwa. Hakupelekwa kwenye mizani.

Wewe nakuona wa upande wa pili. Walipokuja kuchanja shuleni, wenzako walifumba macho, wewe uligeuza shingo ukatazama sindano inavyoingia, kisha ukamuuliza nesi kwa nini haitoki damu. Alinisimulia mwenyewe. Ila hiyo ilikuwa zamani, na mtu mzima aliyeshinda wiki nzima akisoma mambo ya kutisha kwenye simu usiku si yule mtoto.

Kidonge, basi. Ulimi unanitekenya kukwambia neno moja. Ningekuwa mimi, kingebaki mfukoni hadi nimwone daktari uso kwa uso, nimsikie anavyosema nami, ndipo niamue. Lakini mgongo si wangu, na sijui usiku wako ukoje huko. Mamako, aliyekuwa akisoma juu ya bega langu, amesema nikwambie umeze. Nimemwambia aandike barua yake. Amenijibu kuwa ataandika, kwa hiyo tarajia ya pili. Mimi nikikata shauri utalifuata kwa heshima, nawe utakuwa umefanyiwa jambo bila kuulizwa, na hilo silitaki. Muulize aliyekupa: kinaanza kazi baada ya muda gani, kitakuzuia kufuata wanachokwambia au la, na kama kitagusa usomaji wa ule mrija. Majibu yake yakikuridhisha, yatakuongoza vizuri kuliko mimi niliyeko huku.

Moja tu nalishikilia, umeze usimeze. Kabla hujalala ubavu, mwambie daktari kwa sauti: "Naomba uniambie kila hatua kabla hujanigusa." Akiwa na haraka, mwambie tena.

Na usiende peke yako. Ukimeza, hutaruhusiwa kurudi mwenyewe, na hata usipomeza sitaki upande matatu na kichwa hicho. Kakako amesema atakuja. Nilimsomea ujumbe wako, akanyamaza kitambo, kisha akasema atakaa upande wa uso wako, si wa mgongo, na atakuwa akikwambia kinachofanyika. Ni yeye aliyelitaka, sikumtuma. Kwa hiyo waulize huko hospitali kama wanaruhusu mtu wa kukaa nawe ndani, na unijulishe siku na saa, apate kukata tikiti ya basi mapema.

Mamako anakusalimia sana, na bibi anakuombea kila sala.

Wasalaam,
Babako