Mke wangu anataka kugawa nyumba zetu kwa hisani, nimzuie vipi?

Shangazi, mke wangu anataka nyumba zetu za kupangisha aziweke kwenye amana ya hisani ya kituo cha yatima. Anasema tutaendelea kula kodi mpaka tufe, ndo kituo kichukue. Aliachiwa na marehemu baba yake lakini mimi ndo nimezisimamia miaka yote. Watoto wataambulia nini? Na nina madeni kidogo, nilitegemea tuuze moja. Kaleta makaratasi nisaini, nimekataa.
Mume Aliyepuuzwa

Pole mwanangu. Sasa tuongee ukweli. Umeanza na "nyumba zetu", hujafika mbali zimekuwa za mkweo. Watoto umewataja mara moja tu, ila deni ulilolificha kule mwishoni ndo penye kidonda. Hivi mkeo anayajua hayo madeni? Mi nahisi anayajua, na ndo maana anakimbilia kuziweka hizo nyumba mahali ambapo hutaweza kuziuza. Niko upande wake, sikufichi.

Halafu kituo hakipati nyumba leo. Mali inatoka kwenye jina lake inaingia kwa wadhamini, yaani watu wanaoishika kwa niaba ya wengine, wao wanawalipa nyie maisha yenu yote au kwa miaka iliyopangwa, mkishaondoka kituo kinachukua kilichobaki. Marekani, ambako hizi amana zina sheria zake kabisa, malipo ya mwaka hayaruhusiwi kushuka chini ya asilimia 5 ya thamani ya mali, na hesabu ya mwanzo lazima ioneshe hisani itapata angalau asilimia 10 ya thamani ya mali iliyowekwa. Ipo na ya kinyume, hisani inakula kwanza kwa miaka kadhaa, mali inarudi kwa watoto. Kama kweli unawawazia watoto si ungemuuliza mkeo kuhusu hiyo? Au sehemu ya kodi ilipie bima ya maisha yenu, mkifa inawalipa watoto, wengi wanafanya hivyo.

Ndoa za siku hizi mtu anaupigia hesabu urithi wa mwenzie kama mshahara wake wa mwisho wa mwezi, akinyimwa anajiita kapuuzwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kusimamia nyumba ni kazi nzuri na ushukuriwe, ila msimamizi si mwenye nyumba.

Ila kwenye kusaini hapo taratibu, maana amana hizi kwa kawaida hazirudi nyuma. Tafuta mahali palipoandikwa nani analipwa: kama ni jina lake peke yake, akitangulia yeye kodi yako imeishia hapo hapo. Angalia wadhamini ni kina nani na wanabadilishwaje, na kituo kikifungwa mali inaenda wapi. Mwanasheria wako mwenyewe ayasome, sio yule wa mkeo.

Lakini kabla ya mwanasheria, leo usiku mtajie mkeo madeni yote, unadaiwa kiasi gani na nani.