Maji ya Rejeta Yakipungua, Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kifaa

Kwa muda wa miezi miwili gari langu dogo lilikuwa likipungukiwa maji ya rejeta, na kila Jumamosi nilipofungua boneti nilikuta kiwango kwenye chupa ya akiba kimeshuka kwa upana wa vidole viwili. Kwa kuwa matone yalionekana chini ya pua ya gari, mahali rejeta ilipo, nilikubali kubadilishiwa rejeta bila kuuliza swali lolote. Nililipia kifaa na ufundi, na kabla juma halijaisha matone yakarudi palepale. Niliendelea kuongeza maji hadi siku ya safari ya Iringa, ambapo mshale wa joto ulipanda tukiwa katikati ya mlima Kitonga, na ikabidi nitafute nafasi salama ya kuegesha, nizime injini na kusubiri ipoe. Naandika haya kwa sababu gharama ile ya kwanza, pamoja na hofu ya siku ile, vingeweza kuepukika kwa kipimo kisichozidi nusu saa.

Fundi wa pili niliyempelekea gari hakugusa spana kwanza. Aliacha injini ipoe kabisa, akafungua mfuniko wa rejeta, akafunga mahali pake pampu ndogo ya mkono yenye geji, kisha akajaza upepo mpaka kufikia presha iliyoandikwa juu ya mfuniko. Mifuniko ya magari mengi ya Kijapani huandikwa 0.9 au 1.1, yaani kilo kwa kila sentimita ya mraba, na hairuhusiwi kuzidisha hapo, kwa kuwa utaipasua mipira au rejeta iliyokuwa nzima. Mshale wa geji ukaanza kushuka taratibu. Akaingia chini na tochi, akalifungua kava la plastiki linalokinga injini kwa chini, ndipo akaniita: “Kaka, njoo uone mwenyewe. Rejeta haina kosa.”

Maji yalikuwa yakitoka kwenye tundu dogo lililo chini ya shingo ya pampu ya maji. Tundu hilo halikutokana na ubovu. Watengenezaji huliweka makusudi, ili sili ya ndani inapochakaa maji yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Kutoka hapo yalidondokea juu ya kava, yakatiririka kuelekea mbele, na kutokea chini ya rejeta. Ndiyo maana namsihi kila mwenye gari asiamini mahali tone linapoangukia, bali afungue kava na kufuata unyevu kuelekea juu mpaka afike mahali palipo pakavu, kwa kuwa chanzo huwa mpakani hapo. Kulanti, yaani dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, ikikauka huacha alama ya ukoko mweupe, wa waridi au wa kijani, kulingana na rangi yake, na alama hiyo hubaki hata pale ambapo uvujaji umetulia kwa siku hiyo.

Kuna uvujaji unaojitokeza injini ikiwa baridi tu, kwa sababu chuma na mpira hujikunja na kuacha mwanya kwenye vibano, na kuna unaojitokeza ikiwa moto na presha imepanda. Kwa hiyo ukaguzi wa alfajiri, kabla ya kuwasha gari, una thamani yake. Lakini usifungue mfuniko injini ikiwa moto, hata kama una haraka kiasi gani: chini ya presha ya kilo moja maji huchemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100, nayo hulipuka kuwa mvuke mara tu presha inapoachiwa. Nimeona mkono ulioungua kwa namna hiyo, na sitaki kuuona mwingine.

Iwapo geji inashuka na nje hakuna tone lolote, angalia zulia la mbele upande wa abiria na wa dereva, kwani likiwa na unyevu wenye harufu tamu, rejeta ndogo ya hita ndiyo inayovuja. Zulia likiwa kavu, na ukaona moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, basi gasketi ya silinda hedi, yaani kiziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, inashukiwa, na gari lisiendeshwe tena mpaka lipimwe.

Kazi yenyewe ya kubadilisha pampu ilichukua saa tatu. Fundi alikwangua mabaki yote ya gasketi ya zamani, akafunga boliti kwa zamu ili pampu ikae sawasawa, na kwa kuwa mkanda ulikuwa umelowa kulanti, tukaweka mpya. Tulijaza mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa madini, kwa sababu maji ya bomba na ya kisima huacha magadi ndani ya njia nyembamba. Kisha injini iliwashwa mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto la juu, mpaka mapovu ya hewa yakaisha na feni ikazunguka mara mbili. Nilipendekezewa pia unga wa kuziba matundu. Niliukataa, maana unga huo hauchagui, huziba hata mirija ya rejeta na ya hita.

Kulanti ya zamani tuliikusanya kwenye dumu, kwa kuwa ni sumu yenye ladha tamu inayovutia mbwa na watoto. Baada ya kilomita 100 nilipima tena injini ikiwa baridi, nikaongeza kiasi cha kikombe kimoja kufidia hewa iliyotoka, na tangu hapo alama ya wino niliyoichora kwenye chupa ya akiba haijaachana na maji.