Barua kwa mwanangu: mtoto asingoje

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mtoto anaweza kungoja. Daktari wa masikio hapo Nakuru amewaambia kwamba ile homa ya uti wa mgongo imemwondolea usikivu masikio yote mawili, na anataka apandikizwe kifaa cha kusikia ndani ya sikio. Mama mkwe wako naye anaona mtoto wa miaka miwili ni mdogo mno kupasuliwa, heri afikishe umri wa shule. Jibu langu ni kwamba asingoje. Miaka yangu ya unesi ilinifunza kuogopa vitu vingi baada ya homa hiyo, na kuchelewa ni kimojawapo.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojiviringa kama kombe la konokono, kinaitwa koklea. Kimejaa maji, na humo zimo seli zenye vinyweleo ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa umeme unaosafiri kwenye neva hadi ubongoni. Maambukizi hupenya humo kutoka kwenye maji yanayouzunguka ubongo na kuziua seli hizo, na kwa binadamu hazioti tena. Kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi, tatizo kwa kawaida halizidi kuharibika kwa usikivu. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo ana hatari ya pili: uvimbe ukipoa, mwili unaweza kuanza kujenga mfupa ndani ya koklea yenyewe. Kwa baadhi ya watoto huanza wiki chache tu baada ya kuugua. Palipokuwa na maji panageuka mfupa, na waya wa kifaa unakosa njia. Mpasuaji hodari anaweza kuuchimba mfupa huo akaingiza waya nusu, lakini mtoto hatasikia vizuri kama ambavyo angesikia koklea ikiwa wazi. Kwa hiyo daktari akikuharakisha, usidhani anatafuta pesa. Anataka skani za CT na MRI, yaani picha za ndani ya kichwa, aone njia ya waya kama bado ipo. Tena muulize kuhusu kupandikiza masikio yote mawili kwa mpigo, maana baada ya homa hii yote mawili yanaweza kuziba, na likishaziba ni vigumu kulirudia.

Unasema shemeji yako alifanyiwa upasuaji akasikia bila kifaa chochote. Ni kweli, na nilifurahi naye. Lakini yeye alikuwa na usaha wa miaka, ngoma ya sikio ikatoboka. Daktari alichukua utando mwembamba juu ya msuli wa kando ya kichwa akaziba tundu. Koklea yake ilikuwa nzima, sauti ilikosa njia tu. Hata vile vifupa vitatu vya sikio la kati hurekebishika: mwaka 1956, John Shea wa Memphis, Marekani, alitoa kikuku, kimojawapo cha vifupa hivyo, kilichokuwa kimeganda, akaweka cha plastiki ya Tefloni, na upasuaji wa namna hiyo unafanywa mpaka leo. Kwa mjukuu wangu sauti inafika, kilichoharibika ni koklea inayoipokea. Ndiyo sababu mashine ya kusikia ya kawaida, inayoongeza sauti tu, haitamfaa sana kama seli zimekufa kiasi hicho.

Kipandikizi huziruka hizo seli. Nyuma ya sikio atavaa kipaza sauti na kompyuta ndogo, na kwa sumaku vitashikana na kipokezi kilicho chini ya ngozi. Kutoka hapo waya mwembamba huingia kwenye koklea na kuigusa neva kwa umeme. William House alijaribu waya mmoja huko Los Angeles mwaka 1961. Graeme Clark akapandikiza kifaa chenye njia nyingi huko Melbourne mwaka 1978, na hapo ndipo maneno yalipoanza kueleweka vizuri zaidi.

Sasa nisikilize kwa makini, mwanangu. Siku ya upasuaji hatasikia kitu. Kifaa huwashwa wiki kadhaa baadaye, kidonda kikishapona, na sauti za kwanza zinaweza kumtisha hata akalia. Kisha kuna kurekebishiwa kifaa tena na tena, na mazoezi ya kusikia na kusema kwa miaka. Kifaa kinapita shilingi milioni moja, na betri na nyaya zitaendelea kudai. Nimeona familia zikichanga kwa harambee kubwa halafu mazoezi yakaachwa, na kifaa kikalala kabatini. Hilo linaniumiza kuliko gharama yenyewe. Mkipanga pesa, pangeni na za mazoezi.

Usikubali pia mtu akwambie lugha ya ishara itamzuia kusema. Anahitaji lugha leo, wakati ubongo wake unaijenga, na kifaa hakijawashwa. Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge kwa Katiba ya 2010. Si lugha ya kuonea haya. Nendeni mkaulize shule ya viziwi ya Ngala, iko hapo hapo Nakuru.

Ile habari ya sindano ya jeni kutoka China, inayowarejeshea viziwi usikivu, niliisoma. Watoto walitibiwa kweli, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024, lakini walizaliwa na kasoro ya jeni moja iitwayo OTOF, seli zao zikiwa hai. Haimhusu mtoto wetu.

Mafuta ya moto na vitunguu sikioni, hapana. Mwambie mama mkwe wako kwa heshima, na ukiona vigumu nitampigia mwenyewe.

Kesho uliza tarehe ya skani. Beba kijitabu cha kliniki, waangalie kama alimaliza chanjo ya nimokoka, bakteria mmojawapo wanaoleta homa ya uti wa mgongo, ile iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011, kwa kuwa wenye kipandikizi wamo kwenye hatari zaidi ya kupata tena homa hiyo na huenda akahitaji nyongeza. Mimi nitakuja nikae na mtoto wenu mkubwa muda wote mtakaokuwa hospitalini, na chama chetu kimekubali kunipa mkopo. Niandikie skani imesema nini.

Mama yako